Mwani kwenye tangi la mimea: chanzo chake, imani potofu zinazouzunguka, na hatua za kuumaliza

Ukikuta mwani kwenye tangi la mimea, acha kioo kwanza. Angalia majani machanga kwenye ncha za mimea yako. Kama yanatoka yamenyooka, rangi imekolea, na kila wiki unalazimika kupogoa, basi mwani unaouona ni masalia ya tatizo lililokwisha pita. Usafi na subira vitaumaliza. Kama ncha zimejikunja, zimepauka, au hazijasogea tangu mwezi uliopita, dawa yoyote utakayotia itakupa nafuu ya wiki mbili tu. Mwani huota pale ambapo mwanga ni mwingi kuliko uwezo wa mimea kuutumia, na karibu kila hatua iliyomo humu inarudi kwenye jambo hilo.

Maelezo haya ni ya matangi ya maji baridi yenye mimea hai, yanayotiwa gesi ya kaboni dayoksaidi na yasiyotiwa.

Chanzo chenyewe

Spora za mwani, yaani chembe ndogo mno ambazo mwani huota kutoka kwazo, zimo kila mahali: kwenye maji ya bomba, kwenye majani ya mmea ulionunua jana, kwenye magamba ya konokono, hata hewani. Huwezi kuzizuia zisiingie, wala huna haja ya kujichosha. La kujiuliza ni kwa nini katika tangi moja zinabaki zimelala na katika jingine zinafunika kila jani.

Mwanga ndio unaopanga kasi. Ukiongeza mwanga, mmea unahitaji kaboni zaidi, naitrojeni zaidi, fosforasi, potasiamu na madini mengine zaidi, vyote kwa pamoja. Kikipungua kimoja, ukuaji unakwama ilhali taa bado inawaka. Mara nyingi kinachopungua kwanza ni kaboni. Maji yaliyoachwa wazi kwa hewa hubaki na chini ya miligramu 1 ya kaboni dayoksaidi kwa lita. Tangi lenye samaki lina zaidi kidogo kwa sababu ya pumzi za samaki na bakteria, lakini mimea iliyo chini ya taa kali huimaliza akiba hiyo mapema mchana, na saa zote zinazobaki taa inawaka kwa faida ya mwani.

Jani lililokwama hivyo huanza kuchakaa. Linavuja sukari na amonia, ukingo wake unalainika, na mwani unapata pa kushika. Mwani wenyewe ni seli moja inayoelea, au uzi mwembamba usio na mizizi wala shina la kulisha, kwa hiyo kiasi kidogo mno cha virutubisho kinautosha. Shikilia jambo hili, kwa maana nusu ya imani potofu zinaangukia hapa: katika mashindano ya kufa njaa, mmea hufa kwanza.

Chanzo cha pili ni uchafu unaooza. Majani yaliyokufa, chakula cha samaki kilichobaki, tope lililojaa ndani ya kichujio, vyote hutoa amonia na mabaki yanayolisha mwani. Tangi jipya lina balaa hili kwa wingi. Bakteria wa kichujio huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa, udongo wenye rutuba hutoa amonia kwa wiki kadhaa za mwanzo, na mimea yenyewe bado haijatulia: mingi hukuzwa shambani majani yakiwa nje ya maji, na majani hayo hufa baada ya kuzamishwa ili yapishe majani ya majini. Ndiyo maana mwezi wa kwanza tangi huota mwani hata kwa mtu mzoefu.

Cha tatu ni uchache wa mimea. Mashina matano yaliyopandwa kwa nafasi chini ya taa ya tangi zima hayawezi kutumia mwanga ule. Anayefanya hivyo analima mwani, apende asipende.

Imani potofu

*Naitreti na fosfeti ndizo zinazoleta mwani.* Naitreti ni umbo la naitrojeni ndani ya maji, fosfeti ni la fosforasi. Imani hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote, na haikutoka hewani. Mwaka 1973 mtafiti David Schindler na wenzake waliligawa Ziwa 226, katika eneo la majaribio la maziwa huko Ontario, Kanada, kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakaongeza na fosforasi. Upande wenye fosforasi uligeuka kijani. Matokeo yale ni ya kweli, lakini ni ya ziwa wazi, ambamo mwani unaoelea ndio mmea mkuu. Mwaka 1996 wafugaji Paul Sears na Kevin Conlin wakaleta hoja ya namna hiyo kwenye matangi ya mimea: tia naitreti, potasiamu na madini madogo, lakini yanyime maji fosfeti. Baadaye wafugaji wengi, Tom Barr akiwa mstari wa mbele, walitia fosfeti kwa makusudi kwenye matangi yenye mimea mingi na kaboni ya kutosha, na mwani haukuja. Leo matangi mengi mazuri huendeshwa kwa naitreti ya miligramu 10 hadi 30 kwa lita na fosfeti ya miligramu 1 hadi 3.

Tofautisha naitreti na amonia, hata hivyo. Watu husoma kwamba “naitrojeni” haina hatia, kisha wanalegea juu ya amonia. Amonia ni sumu kwa samaki na ni dalili ya tangi lisilotulia; hiyo haina kiwango kizuri.

*Uwiano wa naitreti na fosfeti ukiwa 10 kwa 1, mwani hauoti.* Namba hii inatokana na uwiano wa Redfield, ambao ni atomi 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi, uliopatikana kwa kuchunguza viumbe wadogo wanaoelea baharini. Ukiubadilisha kuwa uzito wa naitreti na fosfeti, unapata takriban 10 kwa 1. Tangi lenye naitreti 1 na fosfeti 0.1 lina uwiano huo huo, na mimea yake inakufa njaa. Angalia kiasi, achana na uwiano.

*Samaki na konokono wala mwani watamaliza kazi.* Wanasaidia, tena sana, lakini wanakula matokeo na kuacha chanzo. Na si kila anayeitwa mla mwani anakula mwani ulio nao. Samaki aitwaye pleko wa kawaida hukua kupita sentimita 30, hung'oa mimea, na kinyesi chake peke yake ni mzigo kwa tangi dogo.

*Taa ikiwa ya Kelvini 6500 mwani hauoti.* Kelvini ni rangi ya mwanga kwa macho yako. Mwani na mimea vina klorofili ile ile. Ukali wa mwanga na urefu wa saa ndivyo vya kushughulikia.

*Pumzisha taa saa chache mchana, mwani utachanganyikiwa.* Kwenye tangi lisilotiwa gesi, mapumziko ya saa 3 au 4 yana faida, kwa sababu kaboni dayoksaidi inapata muda wa kujirudia kutokana na pumzi za samaki na bakteria. Kwenye tangi linalotiwa gesi hayana faida yoyote.

*Kubadilisha maji kunaleta mwani kwa sababu maji ya bomba yana fosfeti.* Kinyume chake: kubadilisha maji huondoa mabaki yanayooza, na hiyo ni faida kubwa kuliko fosfeti kidogo inayoingia. Kinachoweza kudhuru ni kubadilisha maji nusunusu bila mpangilio katikati ya saa za taa, huku kaboni ikipanda na kushuka ovyo.

*Madini ya chuma huleta mwani wa nyuzi.* Yakizidi kupita kiasi kwenye tangi dhaifu, mwani utayatumia kama unavyotumia kitu kingine chochote. Kuyaondoa kutakupa mimea myeupe na mwani ule ule.

Hatua ya 1: jua tangi lako lina lita ngapi

Kila kipimo kinategemea hili. Zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40 ni lita 112. Toa asilimia 10 hadi 15 ya udongo, mawe na magogo; unabaki na lita 95 hadi 100. Tumia namba hiyo.

Hatua ya 2: ondoa mwani kwa mikono, siku moja

Dawa ya kwanza ni mikono yako. Kata majani yaliyofunikwa zaidi ya theluthi moja. Hayatapona, na kuyahurumia ni kuacha kiota. Mwani wa nyuzi usokote kwa mswaki mkavu wenye brashi ngumu: ingiza katikati ya fundo, zungusha, vuta polepole. Kioo kikwangue kwa wembe, isipokuwa tangi la plastiki ngumu, ambalo hukwaruzika. Hilo lipanguswe kwa sifongo laini. Mabomba ya kichujio yatoe uyasugue nje.

Halafu fyonza uchafu juu ya udongo kwa mpira wa siphoni ukishusha nusu ya maji. Usiuchimbe udongo wenye rutuba. Pitisha mdomo wa mpira sentimita moja juu yake. Sifongo za kichujio zioshe ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini, kamwe si chini ya bomba, maana klorini itaua bakteria. Jaza maji mapya yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangi.

Kosa la kawaida hapa ni kusafisha kila kitu kwa siku hiyo hiyo: kichujio chote, udongo wote, mapambo yote. Ukifanya hivyo unalirudisha tangi kwenye wiki ya kwanza. Kichujio chenye sifongo mbili, osha moja leo na nyingine baada ya wiki mbili.

Hatua ya 3: punguza mwanga kabla ya kugusa kitu kingine

Weka taima. Saa 6 kwa siku, saa zile zile kila siku. Mtu anayewasha taa asubuhi akiamka na kuizima akikumbuka ana tangi la saa 12, hata kama anadhani ni 8.

Kisha ukali. Kama taa ina kipunguza mwanga, ishushe hadi asilimia 50 au 60. Kama haina, inyanyue sentimita 10 hadi 20 juu zaidi ya maji, au funika uso wa maji kwa mimea inayoelea, mfano Limnobium au Salvinia, isizidi nusu ya uso. Kwa kukadiria, soma lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kwenye boksi la taa na ugawe kwa lita. Chini ya lumeni 20 kwa lita ni mwanga hafifu, na tangi lisilotiwa gesi linapaswa kubaki huko. Kati ya 20 na 40 ni wa wastani. Zaidi ya 40 ni mkali, na bila gesi ya uhakika usithubutu. Ni makadirio tu, kwani tangi refu kwenda chini hupoteza mwanga mwingi kuliko fupi, lakini yanatosha kuanzia.

Jua la dirishani halina sumu yoyote. Shida ni kwamba huwezi kulipunguza wala kulipangia saa. Bandika karatasi nyeusi upande unaopigwa.

Hatua ya 4: kaboni dayoksaidi, iwe ya kutosha na isiyobadilikabadilika

Kama hutii gesi, hatua hii ni fupi: shusha mwanga hadi kiwango cha hapo juu, kisha uende hatua ya 5. Usitie gesi kidogo “ya kusaidia”. Kaboni inayopanda na kushuka ndiyo rafiki mkubwa wa mwani mweusi wa ndevu, na chupa za hamira na sukari ni maarufu kwa hilo: siku ya tatu zinatoa gesi kwa fujo, wiki ya pili zimelegea.

Kama una mtungi wa gesi, lengo ni takriban miligramu 30 kwa lita. Namna rahisi ya kulikaribia ni kwa pH, kipimo cha asidi ya maji: kadiri inavyoshuka, asidi inazidi. Chota glasi ya maji ya tangi, iache wazi kwa saa 24 ili gesi itoke, kisha pima pH. Tuseme ni 7.4. Ongeza gesi kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, hadi pH ya tangi taa ikiwaka ifike 6.4. Kushuka kwa 1.0 kunamaanisha kaboni dayoksaidi imeongezeka mara kumi. Hapo ni mahali pa kuanzia tu: kama maji ya glasi yalitoa karibu gesi yote, bado uko chini ya 30. Ipo pia fomula ya 3 × KH × 10 kwa kipeo cha (7 − pH), ambapo KH ni kipimo cha ugumu wa maji unaotokana na kabonati. Kwa KH ya 4 na pH ya 6.6 inatoa 30. Fomula hiyo hudanganya pale magogo au udongo unapotoa asidi nyingine, kwa hiyo njia ya glasi ni bora.

Kikombe cha kioo chenye maji ya KH 4 na kemikali ya bromothimoli buluu kinachoning'inia tangini kitakupa rangi: buluu ni kidogo, kijani ni karibu 30, njano imezidi. Kinachelewa saa 1 hadi 2, kwa hiyo usikitumie kurekebisha gesi dakika hiyo hiyo. Kuhesabu mapovu kunafaa kwa tangi lako mwenyewe tu. Mapovu mawili kwa sekunde kwako si mawili kwa mwingine.

Gesi ianze saa 1 hadi 2 kabla ya taa na izimwe saa 1 kabla taa haijazimika. Usiku iwe imefungwa. Samaki wakipanda juu na kuhema, funga gesi, washa pampu ya hewa, badilisha maji; mimea itasubiri. Kosa linalojirudia ni kuwasha gesi na taa kwa pamoja: saa mbili za kwanza za mwanga, mimea haina kaboni, na hizo zinatosha kulisha mwani kila siku.

Hatua ya 5: maji yafike kila jani

Kichujio kizungushe maji yote mara 5 hadi 10 kwa saa. Namba ya kwenye boksi hupimwa bila sifongo wala tope ndani, hivyo chagua kinachoandikwa mara 10. Lakini usiamini namba, angalia majani. Katika kila kona yanapaswa kutikisika kidogo. Palipo na majani yaliyotulia kabisa na vumbi juu yake, hapo ndipo mwani utaanzia, kwa kawaida nyuma ya gogo au chini ya kichaka kizito. Geuza mdomo wa bomba, au pogoa kichaka, kabla hujanunua pampu nyingine.

Hatua ya 6: lisha mimea

Kwa lita 100 zenye mwanga wa wastani na gesi, kwa wiki nzima:

- potasiamu naitreti gramu 1.6, inayotoa naitreti karibu miligramu 10 kwa lita
- monopotasiamu fosfeti gramu 0.2, inayotoa fosfeti karibu miligramu 1.4 kwa lita
- mchanganyiko wa madini madogo wenye chuma, kwa kipimo cha kwenye chupa

Gawa viwili vya kwanza katika siku tatu, madini madogo katika siku nyingine tatu. Vikiingia pamoja, fosfeti na chuma vinaweza kushikana na kuwa vumbi lisilofaa. Siku ya saba badilisha nusu ya maji. Hapo kuna hesabu nzuri: ukitia miligramu 10 kila wiki na kubadilisha asilimia 50, hata mimea isipotumia chochote, kiwango hakitavuka 20. Huhitaji kupima kila siku.

Tangi lisilotiwa gesi lipe theluthi ya viwango hivyo au chini yake, na kama lina samaki wengi, huenda likahitaji potasiamu na madini madogo tu.

Ukitaka kupima naitreti, jaribu kifaa chako kwanza, kwa kuwa vingi hudanganya. Yeyusha gramu 1.63 za potasiamu naitreti katika lita 1 ya maji yaliyosafishwa. Hiyo ni miligramu 1,000 za naitreti kwa lita. Chukua mililita 20 za maji hayo, ongeza maji safi hadi lita 1. Kifaa kisiposoma karibu na 20, usikitegemee.

Majani yenyewe husema mengi. Chukua Hygrophila, mmea unaoonyesha shida mapema: majani ya zamani yakiwa na vitundu kama vilivyotobolewa kwa sindano vyenye ukingo wa njano, potasiamu imepungua. Majani ya chini yakigeuka njano yote na kudondoka, ni naitrojeni. Ncha zikitoka nyeupe huku mishipa ikibaki kijani, ni chuma. Ncha ndogo zilizojikunja kwenye tangi lenye mbolea ya kutosha, rudi hatua ya 4.

Hatua ya 7: jaza mimea

Lenga kufunika asilimia 70 ya udongo tangu siku ya kwanza. Tumia mimea ya haraka hata kama huipendi: Hygrophila, Limnophila sessiliflora, Ceratophyllum demersum, Vallisneria. Utaiondoa kidogo kidogo tangi likitulia. Kuanza na Anubias na Bucephalandra peke yake chini ya taa kali ni kujitafutia taabu. Hukua polepole na jani moja hukaa mwaka mzima likikusanya mwani.

Tangi jipya lenye udongo wa rutuba lina ratiba yake ya maji: nusu kila siku wiki ya kwanza, kila baada ya siku moja wiki ya pili, mara mbili kwa wiki hadi mwisho wa mwezi, kisha mara moja kwa wiki.

Kila mwani na tabia yake

*Vumbi la kahawia.* Ni diatomu, mwani wa seli moja. Hufunika kioo na majani katika wiki za mwanzo, hutoka kwa kidole. Fyonza, badilisha maji, tia konokono wa Nerite au samaki wa Otocinclus (tangi likishatulia, maana ni dhaifu). Huisha wenyewe. Usibadilishe chochote kwa ajili yake.

*Madoa ya kijani magumu.* Hukaa kwenye kioo na majani ya zamani ya Anubias. Huendana na mwanga mkali na fosfeti haba. Pandisha fosfeti hadi miligramu 1 au 2, punguza mwanga. Madoa ya zamani hayaondoki. Kwenye jani, kata.

*Vumbi la kijani kioo chote.* Ukilikwangua kila siku linarudi baada ya siku mbili, kwa sababu unasambaza seli zinazoogelea. Jaribu kuliacha wiki 3 hadi 4 likomae, kisha likwangue lote na ubadilishe maji siku hiyo hiyo. Sura ya tangi itakuudhi, vumilia.

*Nyuzi.* Nyingine laini na telezi, nyingine ngumu zenye matawi na harufu, ambazo ni Cladophora. Laini huondolewa kwa mswaki na uduvi wa Amano, Caridina multidentata, mmoja kwa kila lita 5 hadi 10. Cladophora haina mlaji wa kutegemewa. Ing'oe hadi uzi wa mwisho. Zile duara za kijani zinazouzwa kama pambo, Aegagropila linnaei, nazo ni mwani wa jamii ya karibu, na watu hulipa pesa kuzipata.

*Ndevu nyeusi.* Ni mwani mwekundu, ingawa huonekana mweusi au wa kijivu, vishungi vifupi vigumu kwenye kingo za majani, magogo na midomo ya mabomba. Hupenda kaboni inayobadilikabadilika na kichujio kichafu. Rekebisha hayo mawili kwanza, kisha shughulikia vishungi kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3: zima kichujio, subiri maji yatulie, vuta dawa kwa sirinji isiyo na sindano, iachie polepole juu ya vishungi. Jumla isizidi mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi kwa siku. Subiri dakika 10 mapovu yakitoka, washa kichujio. Baada ya siku 2 au 3 vishungi hugeuka waridi au vyekundu. Hapo vimekufa, na uduvi watavila. Vallisneria, Riccia na mimea mingine laini huungua kwa dawa hii, na uduvi wenyewe wakipigwa na mkondo wake hufa. Anayekula ndevu zikiwa hai ni Crossocheilus, lakini madukani huchanganywa na wanaomfanana: wa kweli ana mstari mweusi unaopita hadi mwisho wa mkia.

Kemikali ya glutaraldehaidi inayouzwa kama “kaboni ya maji” nayo huua ndevu, na huyeyusha Vallisneria. Ni kiua viini chenye kudhuru macho na mapafu, na haifanyi kazi ya gesi. Usiichanganye na peroksaidi.

*Utando wa kijani-buluu.* Huu si mwani, ni sianobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga kama mimea. Hutanda kama ngozi telezi, hutoka vipande vipande na una harufu ya tope. Tafuta sehemu isiyofikiwa na mkondo, naitreti karibu na sifuri, au udongo uliojaa uchafu. Fyonza wote, pandisha naitreti hadi 10 au 20, badilisha nusu ya maji, kisha giza kamili siku 3 hadi 4: gesi ifungwe, pampu ya hewa iwake, tangi lifunikwe kwa blanketi, hakuna kuchungulia wala kulisha. Ukimaliza badilisha nusu nyingine. Utando ukiwa chini ya mstari wa udongo kwenye kioo cha mbele, bandika utepe mweusi nje. Dawa za antibayotiki huuua pia, lakini ni matumizi mabaya ya dawa za watu na huzalisha usugu.

*Maji ya kijani.* Kubadilisha maji peke yake hakusaidii, kwani seli zinazobaki huongezeka maradufu haraka. Taa ya UV ndani ya mkondo wa kichujio, ikiwaka mfululizo, hulisafisha tangi kwa siku chache. Bila hiyo, giza la siku 4 kama hapo juu. Seli zinazokufa huoza zote kwa pamoja, kwa hiyo ongeza hewa na ubadilishe nusu ya maji mara moja baada ya giza.

Dawa za kuua mwani zenye shaba zina jambo moja la kujua: shaba huua uduvi na konokono kwa kiwango kidogo kuliko kinachoua mwani mgumu.

Baada ya hapo

Badilisha kitu kimoja, kisha ngoja wiki 3. Mtu anayebadilisha taa Jumatatu, mbolea Jumatano na gesi Ijumaa hatajua kipi kilisaidia. Hukumu kwa majani yaliyoota baada ya mabadiliko, yaliyotangulia yana historia yake. Yakikaa safi wiki 3 mfululizo, ongeza taa nusu saa kwa wiki hadi saa 8, au asilimia 10 ya ukali kwa wiki mbili, kimoja kati ya hivyo. Kioo kikianza kuhitaji kukwanguliwa zaidi ya mara moja kwa wiki, umefika kikomo cha tangi lako. Rudi ngazi moja nyuma ukae hapo.